Mbuyu Ukutani: Picha za Kale na Sebule Zetu za Dodoma



Ukiingia katika sebule za Dodoma siku hizi, iwe Area D, Kisasa, Ipagala au kule Nkuhungu, utakuta mambo yanafanana kama watoto pacha. Kuna kochi, kuna televisheni, kuna pazia refu, na juu ya kochi kuna picha pana iliyochapwa kwenye kanvasi, yaani kile kitambaa kizito cha wachoraji kilichovutwa juu ya fremu ya mbao. Picha yenyewe ni ya kale, au imefanywa ionekane ya kale: nyeusi na nyeupe, au ya rangi ya chai. Inaonyesha nini? Daraja la New York. Mlima wa theluji wa Uswisi. Barabara ya Paris iliyolowa mvua. Mwenye nyumba hajafika huko hata siku moja, lakini ukimuuliza anakujibu bila wasiwasi: "Aa, hiyo ndiyo iliyopo mjini, bwana."

Mimi sina ugomvi na daraja la New York. Ni daraja zuri. Swali langu ni hili: mbona mbuyu haumo? Tunaishi juu ya uwanda ulioinuka kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, wenye majabali yaliyokaa kama ng'ombe waliolala, wenye mibuyu iliyoshuhudia misafara ya pembe za ndovu, wenye jua la jioni ambalo mgeni akiliona anasahau alichotaka kusema. Na picha za kale za nchi hii zipo. Zilipigwa. Zimetunzwa. Ila hazipo kwetu.

Kijiweni watakwambia haraka haraka: "Sisi tunapenda vya Wazungu, basi." Jibu hilo ni jepesi mno, na jibu jepesi ni adui wa mwandishi. Tuichimbe historia kidogo.

KUTA KABLA YA KAMERA

Tusianze na Wazungu. Watu wa nyanda hizi walikuwa wakiweka picha ukutani kabla kamera haijaota hata ndotoni. Nenda Kondoa, upande milima ya Irangi pale Kolo, utajionea. Katika eneo lile kuna miamba zaidi ya 150 iliyochorwa: twiga, tembo, swala, watu wembamba kama mabua wenye nywele za ajabu ajabu, wengi kwa rangi nyekundu ya udongo. Mary Leakey alikuja mwaka 1951, akakaa miezi akinakili michoro hiyo mmoja mmoja, na kitabu chake kikatoka mwaka 1983. Mwaka 2006 UNESCO ikaiingiza michoro ya Kondoa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Sasa angalia jambo moja. Wanyama wamejaa, watu wamejaa, lakini milima na mabonde huyaoni katika michoro ile. Kwa nini? Mimi nadhani sababu iko wazi: geuza shingo tu. Mchoraji alikuwa amesimama juu ya ukingo wa milima, na mgongoni kwake mbuga ya Wamasai imetandazwa kama mkeka. Kuna haja gani ya kuchora kile ambacho kinakutazama?

Nyumba za Wagogo nazo zilifuata mantiki hiyo hiyo. Tembe ni nyumba ndefu, fupi ya kimo, kuta za miti na udongo, paa bapa lililofunikwa udongo, ikilizunguka zizi la ng'ombe. Ndani ni giza na moshi. Ukuta wa tembe haukutengenezwa kwa ajili ya kutundika picha, ulitengenezwa kwa ajili ya kuzuia upepo wa kiangazi na fisi wa usiku. Ukitaka mandhari unatoka mlangoni. Na ukitoka, huitazami kama pambo. Unaitazama kama hesabu: maji yako wapi, majani yameota upande gani, mvua ile inayonyesha kule Mpwapwa itafika huku au itatucheka? Mandhari ilikuwa ni kazi.

Kwa hiyo picha ya mandhari juu ya kochi ni jambo jipya kwetu, na si aibu kusema hivyo. Ni jambo la watu ambao wameacha kuishi ndani ya mandhari, wakaanza kuikumbuka.

MZUNGU ALIYEACHA KAMERA AKASHIKA BRASHI

Upigaji picha ulitangazwa rasmi Ufaransa mwaka 1839. Miaka 21 baadaye James Grant, mwenzake John Speke, alifika Unguja akiwa na kamera, wakiwa njiani kwenda kutafuta chanzo cha Mto Nile. Grant alipiga picha kadhaa mjini Unguja mwaka 1860. Halafu msafara ukaanza kuingia bara, na mambo yakamshinda.

Kilichomshinda si simba. Ni kemia. Picha ya siku zile ilipigwa juu ya kipande cha kioo kilichopakwa dawa, na kioo kile kilipaswa kupigwa picha na kusafishwa kingali kimelowa, ndani ya dakika chache tu. Sasa fikiria mtu amejifungia ndani ya hema la giza, jua la Oktoba linawaka juu yake, dawa inakauka kabla hajamaliza kuipaka. Grant akaona isiwe taabu. Akaiacha kamera, akashika penseli na rangi za maji. Msafara ule ulipopita Ugogo mwishoni mwa mwaka 1860, nchi yetu ilichorwa kwa mkono, haikupigwa picha.

Jambo hili lina uzito wake. Kwa miaka mingi dunia iliifahamu Ugogo kwa maneno ya wasafiri na michoro yao tu, na maneno yenyewe hayakuwa mazuri. Richard Burton alipita mwaka 1857, Henry Stanley akapita mwaka 1871, na wote wawili walilalamika. Walilalamikia Marenga Mkali, ule ukame wenye maji machungu unaoitenga Mpwapwa na Ugogo. Zaidi ya yote walilalamikia hongo, yaani ushuru wa nguo, shanga na waya ambao watemi wa Kigogo waliwatoza wapita njia.

Hebu tusome malalamiko hayo kwa jicho letu. Mtu anayedai ushuru wa maji ni mtu mwenye visima, mwenye mipaka, mwenye serikali. Nchi isiyo na kitu haitozi hongo! Lakini picha iliyobaki vichwani mwa wasomaji wa Ulaya ilikuwa ni ya jangwa lenye watu wasumbufu. Hata leo ukimwambia mtu wa pwani kwamba unatoka Dodoma, anakuuliza kama kuna maji.

RELI NA KIOO KIKAVU

Kilichobadili mambo ni vitu viwili vilivyokutana. Kwanza, kuanzia miaka ya 1870 vilipatikana vioo vikavu, ambavyo mpiga picha aliweza kuvibeba tayari kutoka dukani na kuvisafisha baadaye akifika mjini. Pili, Wajerumani walijenga reli. Kazi ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, reli ikafika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kipande cha kioo ambacho kingevunjika mara mia kichwani kwa mpagazi sasa kiliweza kusafiri juu ya kiti cha behewa.

Ndipo zikaanza kuja picha. Mmoja wa waliozipiga ni Walther Dobbertin, Mjerumani aliyefanya kazi katika Afrika Mashariki ya Kijerumani kabla na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Alipiga askari, mitaa ya Dar es Salaam, watu wa bara, na mandhari. Picha za namna hii, zake na za wenzake, zilichapwa katika vitabu na kadi za posta, zikatumwa kwa shangazi na wajomba huko Berlin na Hamburg, zikasimamishwa juu ya makabati. Naam, ndugu msomaji, nchi yetu ilipamba sebule za watu miaka mingi kabla sisi hatujawa na sebule!

Lakini picha za mandhari za wakati ule zina tabia moja. Nyingi zinapenda utupu. Mbuga pana, mlima mbali, mbuyu mmoja, na kama kuna mtu basi amesimamishwa pale ili mtazamaji apime ukubwa wa mti. Jina la mti linaandikwa. Jina la mtu haliandikwi.

Tabia hii haikuanzia kwetu. Mwaka 1861 Mmarekani Carleton Watkins alibeba vioo vikubwa vya inchi 18 kwa 22 hadi bonde la Yosemite, California, akapiga picha ambazo mpaka leo watu wanazitundika kwenye kanvasi. Ni picha za ajabu kwa uzuri. Zilizungushwa huko Washington, na inaaminika zilichangia kumfanya Rais Lincoln atie saini sheria ya kulilinda bonde lile mwaka 1864. Vizuri. Lakini miaka kumi tu kabla ya kamera ya Watkins, mwaka 1851, kikosi cha wanamgambo kilikuwa kimeingia katika bonde hilo hilo kuwafukuza wenyeji wake. Kwa hiyo utupu ule unaoonekana kwenye picha, ile hali ya dunia iliyoumbwa jana, kwa sehemu ulitengenezwa kwa bunduki.

Mandhari tupu siku zote ni ya kuulizwa: wenyewe wako wapi?

YALIYOBAKI NJE YA FREMU

Tuulize basi hapa kwetu. Vita ya mwaka 1914 ilipofika nyanda za kati, majeshi ya pande zote mbili, Wajerumani kwanza na Waingereza baadaye, yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua wanaume wakawe wapagazi. Halafu mvua zikakatika. Kuanzia mwaka 1917 hadi 1920 Ugogo ilipita katika njaa ambayo wazee waliipa jina la Mtunya. Maelfu kwa maelfu walikufa, na wengine wakatawanyika hata wasirudi. Sasa ukiona picha ya uwanda wa Ugogo ya miaka ile, umependeza, umetulia, hauna mtu, usiseme tu "Duh, mandhari!" Jiulize pia ni nani hakuwapo siku ile na kwa nini.

Kamera haikutuandikia haya. Aliyetuandikia ni mtu wa hapa hapa. Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917, katika miaka ile ile ya Mtunya, huku huku Ugogo. Akawa mwalimu, karani, mtumishi wa mahakama na mshairi. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake *Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika*. Humo kuna koo, kuna watemi, kuna walikotoka watu na walikohamia, kuna majina ya mahali. Vitu ambavyo kioo cha mpiga picha hakikujali, kalamu ya Mnyampala ilivijali. Wengi wetu tunamjua kwa *Ngonjera za Ukuta* tu, tulizokariri shuleni, na UKUTA pale ni kifupi cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Alifariki mwaka 1969, lakini neno hilo bado linanitekenya kila nikifikiria mada hii. Mtu wetu alikuwa na ukuta wake, akautundika mashairi.

Mandhari ya Mnyampala nayo haikudumu. Katika Operesheni Dodoma ya miaka ya 1970 na 1971, kaya zilizokuwa zimetawanyika mbugani zilikusanywa kwenye vijiji vya Ujamaa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipiga kambi Chamwino akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Wapo walioifurahia, walipata shule na zahanati. Wapo walioondoka kwenye tembe zao wakigeuka nyuma kila hatua. Mwaka 1973 TANU ikaamua makao makuu yahamie Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA tuliyoiimba na kuilalamikia mpaka ikavunjwa mwaka 2017, ikaanza kupima viwanja juu ya mashamba ya uwele na mtama.

Basi nyumba unayoishi, yenye sebule na kanvasi ya New York, inawezekana kabisa imesimama mahali ambapo palikuwa na zizi la mtu. Picha ya kale ya mahali hapo ingekwambia.

UKUTA KAMA SHAHIDI

Wapo watakaosema picha haijazi tumbo. Kweli. Lakini picha ya kale ya mandhari inaweza kukwambia tumbo litakuwa tupu lini.

Chukua Kondoa. Kufikia miaka ya 1970 milima ya Irangi ilikuwa imekatwa na makorongo kama nyama ya mshikaki. Mwaka 1973 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 ikatolewa amri ngumu: mifugo yote ihame katika eneo lililomomonyoka, mifugo inayokisiwa kufikia 90,000. Fikiria uchungu wa mfugaji aliyeswaga ng'ombe wake kuwatoa nyumbani kwao. Majani yakarudi, miti ikarudi, hilo halina ubishi, ingawa bei yake ililipwa na wafugaji. Wataalamu waliojifunza mmomonyoko wa Kondoa na wa mabonde ya karibu na mji wetu, kama Matumbulu na Msalato, walitegemea sana picha: wanaweka ya zamani na ya sasa pamoja, ikiwemo iliyopigwa kutoka angani, halafu wanapima korongo limekua kiasi gani. Picha ambayo mtu aliipiga bila kuwaza lolote inageuka kuwa ushahidi mbele ya hakimu.

Na kesi ya leo ni mji wenyewe. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179 katika Jiji. Miaka kumi tu! Katikati hapo serikali ilihamia, Dodoma ikatangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, ofisi za Mtumba zikafunguliwa mwaka 2019, na mwaka 2024 treni ya umeme ikafika. Mimi si mtu wa kulilia matope, maendeleo nayapenda, na treni nimeipanda. Lakini jabali linalopasuliwa kokoto halioti tena, na mbuyu uliokatwa kupisha uzio hauwezi kurudi katika maisha yako wala ya mjukuu wako. Kama hatuna picha zake, baada ya miaka 30 tutabishana kama ulikuwepo.

NUKTA 800

"Sawa bwana, umenishawishi," mchizi atasema. "Nitundike Ugogo ya kale. Naipata wapi?"

Hapa ndipo penye utamu na uchungu. Kuchapa picha kwenye kanvasi kumekuwa rahisi. Mnamo mwaka 1990 na 1991 mwanamuziki Graham Nash na wenzake huko California walianza kutumia mashine kubwa za kurusha wino, zilizotengenezwa kwa kazi za viwanda vya uchapaji, ili kuchapa picha za sanaa. Kutoka hapo ufundi ule umesambaa hadi kwenye vijiduka vya mitaani. Fundi anaingiza picha kwenye kompyuta, mashine inarusha wino kwenye kitambaa cha pamba au cha poliesta, anakivuta juu ya fremu, anakipiga stepla kwa nyuma, basi. Ila umuulize kuhusu wino: wino wa chembechembe za rangi unadumu miaka mingi, wino wa rangi iliyoyeyushwa unapauka mapema. Na usiitundike mkabala na dirisha la magharibi. Jua la Dodoma halina adabu, linafuta kila kitu.

Sasa picha yenyewe. Mkusanyo wa Dobbertin uko kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani, makao yake makuu Koblenz. Mkusanyo mwingine mkubwa, wa Jumuiya ya Kikoloni ya Kijerumani, uko maktaba ya chuo kikuu Frankfurt. Mkusanyo wa Humphrey Winterton wa picha za Afrika Mashariki za kati ya mwaka 1860 na 1960 uko Chuo Kikuu cha Northwestern, jirani na Chicago, tangu mwaka 2002. Unaweza kuzitazama kwenye intaneti ukiwa kitandani Area D. Mwezi Desemba 2008 hifadhi ile ya Ujerumani iliweka karibu picha laki moja kwenye Wikimedia Commons, zikiwemo za Dobbertin, mtu yeyote azitumie mradi ataje zilikotoka. Safi sana!

Lakini pima. Picha nyingi za zawadi ile zina nukta kama 800 tu kwa upande mrefu. Juu ya kochi lako unataka kanvasi ya inchi 40. Gawanya: 800 kwa 40 ni nukta 20 kwa kila inchi. Ili kanvasi ionekane vizuri unahitaji walau nukta 150 kwa inchi, yaani nukta 6,000. Ukichapa ile ya nukta 800, mbuyu utatoka kama uji uliomwagika. Ile picha kubwa, yenye kila jani na kila kivuli, imebaki kwenye kioo huko Koblenz.

Hii ndiyo sababu daraja la New York linashinda. Si kwa kuwa tunalipenda zaidi. Ni kwa kuwa fundi analo tayari kwenye kompyuta yake, kubwa, safi, kwa bei poa. Mandhari yetu imefungiwa, tumepewa kijipicha cha kuonja. Kudai nakala kubwa za picha za Ugogo, ziletwe kwenye maktaba na makumbusho yetu, ni madai ya haki, na vijana wanaojua kuandika barua ndio wa kuyaandika.

SANDUKU LA BIBI

Ila tusikae tu tukisubiri Koblenz. Kuna hifadhi nyingine, iko chini ya kitanda cha bibi, ndani ya sanduku la bati.

Baada ya vita, na hasa baada ya Uhuru, watu wetu wenyewe walianza kupiga na kupigwa picha. Walikwenda studio. Unguja kuna Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Miji ya reli nayo ilikuwa na vyumba vyake vya picha. Na huko studio mandhari iliwekwa nyuma kwa pazia lililochorwa: maporomoko ya maji, ndege inayoruka, ghorofa. Wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, walikuwa mabingwa wa mapazia hayo. Kumbe tamaa ya kujiweka mbele ya nchi ya mbali haikuanza na kanvasi ya juzi. Mjomba wako aliyesimama mbele ya maporomoko ya rangi mwaka 1968 na wewe mwenye Paris ukutani ni damu moja. Hakuna haja ya kumcheka yeyote kati yenu.

Lakini zipo pia picha zilizopigwa nje ya studio. Shangazi kaolewa, wamejipanga mbele ya tembe. Babu kanunua baiskeli, amesimama nayo shambani. Watoto wa kipaimara mbele ya kanisa. Ziangalie tena, safari hii usiwatazame watu, tazama nyuma yao. Kuna mlima, na haujapasuliwa. Kuna mbuyu, kuna korongo ambalo bado ni mtaro mdogo, kuna uwanda ambao leo ni stendi. Mzungu alipiga mandhari akawaacha watu, na sisi tulipiga watu, mandhari ikajiingiza yenyewe kwa mlango wa nyuma. Hizo ndizo picha zetu za kale za mandhari. Zimekuwepo siku zote, tumeziita picha za familia.

Tena ni rahisi kuzichapa. Picha ya karatasi ya inchi 4 kwa 6 ukiiskani kwa nukta 1,200 kwa inchi unapata nukta 7,200 kwa upande mrefu. Kwa hesabu tu imezidi ile ya Koblenz mara tisa, ijapokuwa ukali wake utategemea kamera ya aliyepiga. Ukiiona ina chenga chenga kidogo, mwache hivyo hivyo, ndiyo uzee wake.

Wapo watakaopinga, na wana hoja. Mzee mmoja jirani yetu, aliyehamishwa wakati wa Operesheni, alipoonyeshwa picha ya tembe aligeuza uso akasema, "Toeni, hiyo nyumba niliibomoa kwa mikono yangu." Picha ya kale ni pambo kwako na kidonda kwa mwenzako. Uliza wenye nyumba kabla hujapiga msumari. Vivyo hivyo zile picha za kikoloni za watu waliovuliwa nguo na kupimwa vichwa kama mbuzi wa mnada: hizo hazina nafasi juu ya kochi la mtu mwenye heshima. Mlima hauna kosa. Binadamu aliyedhalilishwa si pambo.

Ninachowaomba vijana wenzangu, hasa nyie mnaotuma mashairi na hadithi katika kurasa hizi, ni kazi ndogo. Chukueni picha moja ya sandukuni. Kaeni na bibi au babu angali hai, muulizeni vitu vinne: hapa ni wapi, ni mwaka gani, hawa ni kina nani, na kile kilima nyuma kinaitwaje. Kile kilima muhimu sana, maana majina ya vilima yanakufa pamoja na wazee, na ramani ya viwanja inaviandika namba tu. Yaandikeni majibu kwa penseli nyuma ya picha, kisha myaandike tena kwa wino nyuma ya kanvasi, juu ya mbao ya fremu, mahali ambapo mgeni hataona ila mrithi ataona.

Dobbertin alituachia milima isiyo na watu. Mnyampala alituachia watu na majina, bila picha. Kuviunganisha ni kazi yetu sisi, na haihitaji mfadhili. Inahitaji penseli, na bibi aliye tayari kusema kabla jioni haijaingia.